Chinganga hakisimami juu ya marumaru

Kijana aliingia ukumbini amekumbatia ngoma kwa mkono mmoja, mkono wa pili umebeba ndoo ya plastiki. Ndoo ilikuwa imejaa mchanga alioutoa kwenye bustani ya maua nje ya jengo. Aliitua katikati ya jukwaa, akachomeka mguu wa ngoma ndani ya mchanga, akaushindilia kwa viganja, kisha akarudi nyuma hatua moja kutazama kama itasimama. Ilisimama, lakini imeinamia upande, kama mtu anayetega sikio mlangoni.

Ngoma yenyewe ilikuwa chinganga. Kwa wasioijua, hiyo ni ngoma ndogo ya Wamakonde, nyembamba kiunoni, yenye mguu mmoja uliochongwa ukachongoka. Ngozi yake hukazwa kwa vigingi vya mti vilivyopigiliwa kuuzunguka mdomo. Haibebwi shingoni wala haibanwi mapajani. Huchomekwa ardhini, na mpigaji huipiga kwa vijiti viwili vyembamba, sauti ikatoka kali, ya juu, yenye kupenya. Katika sindimba, mchezo wa ngoma wa Wamakonde, vinganga ndivyo vinavyoshika mwendo usioyumba, ili ngoma kubwa ipate nafasi ya kuzungumza na mchezaji. Mchezaji akipotea, vinganga humrudisha.

Mwanafunzi huyo alikuwa wa shahada ya uzamili, na siku hiyo wanafunzi wa muziki walikutana Dar es Salaam kusikilizana tafiti zao. Utaratibu wa makongamano ya namna hii unajulikana: dakika 20 za kuwasilisha, dakika 10 za maswali, mwenyekiti ameshika saa. Uzuri wake, tofauti na makongamano ya wachumi au wanasheria, ni kwamba mwanafunzi wa muziki anaruhusiwa kuja na karatasi na ala. Anasema alichokiona huko alikotoka, kisha anapiga. Karatasi ikidanganya, mikono itaiumbua.

Alipopiga, sauti ilitoka fupi na nzito, kana kwamba ngoma imefunikwa blanketi. Mchanga ulikuwa unaimeza. Alipokaza mkono ndoo ikaanza kutembea juu ya marumaru, polepole, kuelekea ukingo wa jukwaa. Mwenzake akapanda kuishika kwa magoti. Walimaliza hivyo, mmoja anapiga, mwingine ameibana ndoo. Ukumbi ukapiga makofi ya dhati, na kwa haki, maana kijana alikuwa amekaa miezi uwandani akijifunza, na mapigo yake yalikuwa safi. Lakini mimi nilitoka pale na jambo moja ambalo halijaniachia hadi leo. Ile ala inadai udongo. Mchongaji aliyeipa mguu uliochongoka alikuwa amekwisha kuamua ipigwe wapi, na sisi tulikuwa tumeipeleka mahali ambapo haiwezi kusimama.

Naandika makala haya kuomba jambo ambalo naamini linawezekana: wanafunzi wa uzamili na uzamivu wanaotafiti muziki wa kusini wafanye kongamano lao kusini kwenyewe, Ndanda, chini ya uwanda wa Wamakonde, na walioimba nyimbo za tafiti hizo wakae viti vya mbele.

Si kwamba nchi haina mahali pa mambo haya. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina idara inayofundisha muziki kwa nadharia na vitendo, na mwaka 2012 kilifanya Kongamano la Ethnomusikolojia ambalo mada zake zilikusanywa kuwa kitabu, wahariri wakiwa Mitchel Strumpf na Imani Sanga. Bagamoyo kuna chuo cha sanaa tangu 1981, ambacho leo tunakiita TaSUBa, na sindimba imefundishwa huko kwa vizazi vya wachezaji ambao wengi hawajawahi kukanyaga Newala. Unguja kuna Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kilichofunguliwa 2002, ambako taarabu inafundishwa kwa nota na kwa sikio. Na Chamwino, Dodoma, kuna mfano ninaoupenda kuliko yote: tamasha la muziki wa Wagogo ambalo Kedmon Mapana, mwanamuziki na msomi, alilianzisha kijijini. Pale vikundi vya vijiji ndivyo wenyeji, na msomi ndiye mgeni. Kusini hatuna kitu cha namna hiyo kwa ajili ya utafiti. Tuna nyimbo zinazochukuliwa.

Kuchukua huko kuna historia ndefu. Katikati ya mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule, wa makumbusho ya Leipzig, alitoka Lindi kuingia bara na msafara wa wapagazi. Kwanza alikuwa amepanga kwenda Irangi, upande wa Kondoa, ila machafuko ya huko yakamgeuza njia akaja kwetu. Alipita katika nchi iliyojeruhiwa. Mwaka uliotangulia Vita vya Maji Maji vilikuwa vimefika hapa, misheni ya Waanglikana ya Masasi ikachomwa, na ile ya Wabenediktini ya Nyangao nayo ikateketea. Ni katika mwaka huohuo wa 1906 Wabenediktini walipoanza upya Ndanda, kwenye maji yanayoteremka kutoka uwandani. Weule alibeba kamera ya picha, kamera ya sinema na fonografu yenye silinda za nta. Akazunguka Masasi na Newala, akawasimamisha watu mbele ya pembe ya mashine waimbe.

Silinda moja ya nta hubeba dakika mbili tatu. Hebu fikiri maana yake. Ngoma ambayo wenyewe huianza jua linapozama na kuiacha jogoo wakiwika ilipaswa kuingia kwenye dakika tatu. Mwimbishaji hana muda wa kupasha sauti, waitikiaji hawana muda wa kumzoea, na mchezaji haonekani. Kilichobaki kwenye nta ni ncha tu ya jambo. Hata hivyo sithubutu kuidharau ncha hiyo. Kati ya watu aliokutana nao Weule katika safari ile yumo mwimbaji kipofu aitwaye Sulila, ambaye aliandikwa na kupigwa picha kwenye kitabu kilichotoka kwa Kijerumani mwaka 1908 na kwa Kiingereza mwaka uliofuata. Kipofu wa Kusini, mwaka mmoja baada ya vita kufika kwao, anaimba mbele ya mgeni mwenye askari. Ni watu wangapi wa Masasi leo wanalijua jina lake? Mimi mwenyewe nililisoma nikiwa mtu mzima, katika kitabu cha lugha ya kigeni.

Silinda za safari ile ziliingia katika hifadhi ya sauti ya Berlin, ambayo Carl Stumpf aliianzisha mwaka 1900, na ambayo UNESCO iliiingiza mwaka 1999 katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia. Ni heshima kubwa, na kazi ya kuzitunza nta zile zisiote ukungu inastahili shukrani. Ila kumbukumbu ya dunia isiyosikika Newala ina upungufu, na upungufu huo mwanafunzi mmoja mwenye simu na spika ndogo anaweza kuanza kuuziba. Siku hizi sauti za nta husomwa kwa mashine na kuwa faili za kompyuta. Zikifika Ndanda kwenye kongamano, mzee mmoja tu akautambua wimbo na kusema huu ni wa jando, huu wa kupandisha maji, huu hauimbwi tena tangu fulani afariki, tutakuwa tumejua zaidi ya kile ambacho Leipzig ilikijua kwa karne nzima.

Nimetaja kupandisha maji kwa sababu uwanda huu una shida yake ya maji ambayo nyimbo haziwezi kuikwepa. Newala iko juu ya ukingo, upepo wake baridi, chini kabisa unaona bonde la Ruvuma na Msumbiji ng'ambo. Mvua ikinyesha, ardhi ya mchanga huinywa yote, nayo hutokea chini kwenye chemchemi za magenge. Kabla ya mabomba kupanda, wanawake waliteremka magenge hayo na mitungi na kupanda nayo kichwani. Mwanafunzi akiandika kwamba wimbo wa kazi una pumzi fupi fupi na kiitikio kinachokuja haraka, aandike akiwa ametembea ile njia. Kwenye ukumbi wa Dar es Salaam jambo hilo linakuwa takwimu ya mizani. Ndanda, nusu ya wasikilizaji wanajua ni kwa nini pumzi ilikatika.

Naomba nikae kidogo kwenye suala la lugha, kwa kuwa hapo ndipo tafiti nyingi zinaponiumiza. Kimakonde ni lugha ya toni. Sauti ikipanda au ikishuka kwenye silabi, maana inaweza kugeuka, na silabi ya pili kutoka mwisho huvutwa. Kiswahili hakina toni hizo. Sasa mtafiti anayejua Kiswahili na Kiingereza anaurekodi wimbo, anaomba kijana wa kijijini amfasirie kwa Kiswahili, kisha yeye anaupeleka kwenye Kiingereza. Ukifika kwenye karatasi, umevuka mito miwili. Neno lisilofahamika huandikwa kuwa ni sauti za kupambia tu, hazina maana. Mara ngapi nimesoma hivyo! Na mara ngapi bibi mmoja, akisomewa maneno yaleyale polepole, amesema mara moja kwamba hilo ni jina la mto, au la mtu, au la aibu fulani ambayo haitajwi waziwazi. Masasi peke yake unasikia Kimakua, Kiyao, Kimakonde na Kimwera sokoni asubuhi moja. Wimbo huanzia katika lugha moja, kiitikio kikajibu kwa nyingine. Uta Reuster-Jahn, aliyechunguza usimulizi wa hadithi za Wamwera, alitoa mwaka 2002 kitabu kikubwa juu ya jambo hilo, na ukikisoma unaona jinsi wimbo ulivyo ndani ya hadithi kama mfupa ndani ya nyama. Kazi kama hiyo hudai miaka, na sikio lililolelewa na lugha.

Kwa hiyo kongamano la Ndanda liendeshwe kwa Kiswahili, na pale inapohitajika kwa lugha za wenyeji, mkalimani akae pembeni ya mwanafunzi na si pembeni ya mzee. Hapo mwanafunzi ndiye atakayehangaika kueleweka.

Kuna jambo zito zaidi. Nyimbo nyingi za kusini si za kila sikio. Za jando ni za jando, za unyago ni za unyago, na barakoa zina siri yake: anayevaa midimu, au mapiko kama ndugu zetu wa Msumbiji wanavyosema, hatajwi mbele ya wanawake na wasiopita jandoni. Weule aliuona unyago wa wasichana, akauandika na kuupiga picha, mwanamume mgeni mwenye mamlaka ya serikali mgongoni. Ni nani angemkatalia mwaka ule? Baadaye wamisionari nao waliingia humo kwa njia yao. Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa Masasi tangu 1926, aliliingiza jando ndani ya Kanisa badala ya kulipiga marufuku, na hilo likabadilisha nini kinaimbwa na nani anakisikia. Lyndon Harries, mmisionari wa dayosisi hiyohiyo ambaye baadaye alijulikana kwa kitabu chake cha ushairi wa Kiswahili, mwaka 1944 alichapisha maelezo ya mila za jando na unyago za Wamakonde. Hao wote walikuwa na nia zao, nyingine njema. Lakini hakuna hata mmoja aliyelazimika kusoma alichoandika mbele ya makungwi.

Mwanafunzi wa leo hubeba kibali cha COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, barua ya mkoa, barua ya wilaya, na sahihi ya mtendaji wa kijiji. Karatasi hizo hufungua milango. Midomo haifunguki kwa karatasi. Na tasnifu zetu siku hizi huwekwa kwenye maktaba za mtandaoni, mtu yeyote akafungua akiwa Toronto au Tandahimba, mvulana wa miaka tisa akiwemo. Wimbo ambao dada yake alifundishwa kwa masharti ya kutousema anausoma kwenye simu, na tafsiri yake chini. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 ina sehemu inayolinda sanaa za jadi na kutaka watu waombe ruhusa kabla ya kuzifanyia biashara. Hilo ni jema, ila aibu haina bei, na hakuna fomu ya kuiombea kibali.

Mzee aliyeketi kiti cha mbele anaweza kuinua mkono na kusema, mjukuu wangu, huo uishie hapo. Kwangu mimi hiyo ndiyo sababu kubwa kuliko zote ya kutaka kongamano lije huku. Kamati za maadili za vyuo hukutana kabla ya utafiti, zikauliza maswali ya jumla, zikapiga mhuri. Mzee anasikia wimbo wenyewe, kwa jina lake, siku yenyewe. Mwanafunzi atakayezuiwa namna hiyo hatapoteza chochote. Atajifunza mahali wimbo unapoishia, na hiyo nayo ni sehemu ya muziki, kama vile kimya kati ya pigo na pigo.

Wapo watakaoniuliza: wanafunzi hawa, kazi zao si ni za kupata shahada? Ni kweli. Nami najua msimamizi wa tasnifu anataka sura tano na marejeo. Lakini Kusini hakujawahi kukosa watu walioweza kusoma na kutunga kwa pamoja. Padre Stephen Mbunga, mwana wa Kusini, alichapisha mwaka 1963 kitabu juu ya sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu, wakati ambapo ngoma kanisani bado lilikuwa jambo la kubishaniwa, na yeye huyohuyo alitunga misa kwa mtindo wa kwetu. Hoja yake aliitetea kwa maandishi, akaiimbisha. Baada ya hapo sidhani kama kuna haja ya kubishana kama mtafiti anaweza kuwa mwanamuziki.

Kwa nini Ndanda na si Mtwara mjini au Masasi? Kwanza njia: basi litokalo Dar es Salaam hupita Mnazi Mmoja ya Lindi, likashika barabara ya Masasi, Nyangao, Nanganga, na Ndanda iko palepale barabarani. Pana abasia kubwa, hospitali, shule, na vitanda vya wageni. Pia panakutana sauti. Watawa huimba sala zao za saa kwa Kiswahili, kwaya za parokia huandika nyimbo kwa sol-fa kwa kalamu ya wino kwenye daftari, na jioni ukitulia unasikia ngoma upande wa kijijini. Uwanda uko juu yako, Wamwera wako upande mmoja, Wamakua na Wayao upande mwingine. Mwezi uwe Agosti. Mavuno yameingia ndani, korosho hazijaanza, vyuo vimefungwa, barabara ni kavu, na wavulana wanatoka jandoni.

Na vijana waje pia na muziki wao. Terence Ranger aliandika mwaka 1975 historia ya beni, ile ngoma ya gwaride na tarumbeta iliyosambaa kutoka pwani hadi bara, na kitabu hicho kilitufundisha kwamba vijana wa jana waliichukua sare ya mkoloni wakaifanya yao. Msondo, ngoma ndefu ya unyago, imekuwa jina la bendi kongwe ya dansi nchini. Leo mtoto wa Mtwara, mwimbaji Harmonize, anajiita Konde Boy mbele ya dunia nzima, na neno ambalo zamani lilikuwa la kuzomea watu wa Kusini mjini limekuwa la kujivunia. Mwanafunzi achunguze hilo, aje kulisema Ndanda, vijana wa bodaboda wamsahihishe.

Miezi kadhaa baada ya siku ile ya ndoo nilimfuata yule kijana uwandani, kwa mzee aliyemfundisha. Tulifika usiku. Newala usiku ni baridi, watu walikuwa wamejitanda khanga na makoti. Mzee alikuwa ameviegemeza vinganga vyake karibu na moto wa nyasi, nyuso za ngozi zikielekea miali. Kila baada ya muda alichukua kimoja, akakigonga kwa kidole, akasikiliza, akakirudisha. Hakuharakisha. Kilipomridhisha, alikwenda nacho hadi katikati ya uwanja, akakipindua, akakishindilia mara moja tu kwa uzito wa mwili. Mguu ukazama ardhini kama kisu katika muhogo uliopikwa. Akagonga pigo moja, na nililisikia kwenye nyayo zangu kabla ya masikio.

Wakati wanasubiri wengine kukusanyika, alimuuliza kijana habari za huko Dar es Salaam alikokwenda kuwapigia wasomi. Kijana akamweleza yote: ukumbi, marumaru, ndoo ya mchanga, mwenzake aliyeibana kwa magoti. Mzee akasikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza kama watu walicheza.

Kijana akajibu kwamba walipiga makofi.

Mzee akatazama moto, akaongeza nyasi, akakichukua chinganga kingine akakisogeza karibu na miali.